Kipupwe cha Laini ya Saba

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili ni mali ya kiwanda. Kurasa za mbele ni za kuandika laini imesimama saa ngapi na kwa nini. Za nyuma nimezichukua mimi, na atakayenishtaki anishtaki. Nina mengi ya kusema ambayo nyumbani hayasemeki, maana ninayetaka kumsema anakaa chumba cha pili.

Leo nimefanywa kiongozi wa Laini ya Saba. Usinipongeze. Ntate Sekhobe, yaani Bwana Sekhobe, meneja mpya wa uzalishaji aliyerudi kutoka viwanda vya magari vya Afrika Kusini, alitukusanya uani asubuhi, baridi ikituuma masikio, akasema bila kuzunguka: kiwanda kina laini nane za kushona jinzi, oda zimepungua, na mwisho wa Agosti laini moja itafungwa. Kisha akasoma orodha. Sisi ndio wa mwisho. Suruali mia tano na ishirini kwa siku, na katika kila mia, kumi na nne zinakataliwa na wakaguzi. Tukitaka kubaki tufike mia nane na hamsini, kasoro zisizidi tatu katika mia, kwa wiki mbili za mwisho za Agosti. Kiongozi wetu wa zamani aliposikia hayo akaomba uhamisho hapo hapo. Wakanigeukia mimi.

Tuko wanawake thelathini na wanne. Nawajua wote, na najua kila mmoja analisha watu wangapi. Sasa lililo zito zaidi: mashine ya kumi na moja, ya kushona ukanda wa kiuno, anaikalia 'M'e 'Maletuka, yaani Mama Letuka. Ni mama wa mume wangu. Ndiye aliyenipa hili jina la 'Mathuso, mama wa Thuso, siku nilipoingia kwake kama bi harusi na blanketi mabegani, miaka minne kabla binti yangu Thuso hajazaliwa. Mbele yake sijawahi hata kupandisha sauti. Nitamwamrisha kwa mdomo upi?

Jumanne, 3 Juni

Maji yameganda kwenye mabomba. Suruali 498.

Ijumaa, 6 Juni

Ntate Sekhobe ameleta utaratibu wake na laini nzima imechafuka. Siku zote tumeshona kwa mafungu ya thelathini: unashona thelathini zako, unafunga kamba, unamsukumia jirani, unachukua mengine. Sasa anataka fungu liwe la suruali tatu. Tatu!

"Ntate, tatu tutamaliza kabla hatujakaa," alisema Lipuo. Huyu ni binti wa mashine ya kumi na mbili, anashona vishikizo vya mkanda, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Hilo ndilo nalitaka," akajibu.

Halafu akapachika kijiti kwenye kila mashine, na kwenye kijiti kitambaa chekundu. Ukipokea suruali yenye kosa, inua kitambaa, laini nzima isimame, na suruali irudi kwa mwenyewe aliyeishona. Ni marufuku kumrekebishia mwenzako.

'M'e 'Maletuka alikitazama kile kitambaa chake muda mrefu. Kisha akakitoa kwenye kijiti, akafutia miwani, akakirudisha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikajifanya naandika.

Jumanne, 10 Juni

410. Tumeshuka! Vijana wa Laini ya Tatu wanatuimbia kama wanasindikiza jeneza. "Laini ya Mazishi, tuwaletee ng'ombe wa matanga?" Nikawaambia ng'ombe waje, sisi wapishi tunao. Lakini chooni nililia.

Jumatano, 11 Juni

Upepo. 422.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimeona kitu. Zamani kwa mafungu ya thelathini kila mtu alikuwa na mlima wa suruali pembeni yake, na nyuma ya milima hiyo nani angemwona nani? Sasa milima imeondoka. Nikisimama kichwani mwa laini naona mikono yote mpaka mwisho. Na nilichoona ni kwamba Lipuo, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, hashoni. Ameinama, mkono mmoja uko chini ya meza.

Nikamwendea. Alikuwa na kifumulio, kile kidude cha kukatia nyuzi, anafumua ukanda wa kiuno uliopinda.

"Unafanya nini?"

"Nashona, 'M'e."

"Unafumua."

"Nafumua ili nishone." Akapunguza sauti, na Lipuo kupunguza sauti ni habari. "'M'e 'Mathuso, niache. Kila asubuhi zinakuja tatu, nne, zimepinda. Nazifumua, nazinyoosha, nazipitisha. Nyingine zinaniponyoka, ndizo zinazokamatwa na wakaguzi."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka jana."

"Na kitambaa chekundu cha nini?"

Akanitazama kana kwamba nimepungukiwa na akili. "Nimwinulie kitambaa mama mzima, aliyenizidi miaka thelathini? Nimrudishie suruali mbele za watu? Kwanza huyo ni mkweo. Mrudishie wewe basi."

Nikaondoka. Nilipita mashine moja moja nikiuliza kwa upole, na kumbe laini nzima iko hivyo. Wa mifuko anamrekebishia wa mifuko mkubwa wake. Wa zipu anamfichia shangazi yake. Kila mdogo ana kifumulio chini ya meza kwa ajili ya mkubwa aliyekaa mbele yake, na wote wanaiita heshima. Nusu ya kazi yetu ni kufumua.

Alhamisi, 19 Juni

Wiki ya pili ya vitambaa. Vilivyoinuliwa: sifuri. Ntate Sekhobe ananiuliza kama laini yangu ni ya malaika.

Ijumaa, 27 Juni

Theluji kwenye milima ya Maluti, baridi inateremka mpaka kwenye mifupa. 455. Kasoro kumi na mbili katika mia.

Nikiri: wiki hii nami nimefumua. Nilichukua mikanda mitano ya 'M'e 'Maletuka, nikaenda nayo stoo, nikainyoosha kimya kimya. Ntate Sekhobe akanikuta.

"'M'e 'Mathuso, hapa ndani hakuna mkwe. Kuna suruali."

"Ntate, mama mkwe wako anakaa wapi?"

"Quthing."

"Yuko Quthing, mwendo wa siku nzima. Wangu analala ng'ambo ya ukuta. Basi nyamaza."

Nilidhani atanifukuza. Akakaa juu ya robota la kitambaa, akasema taratibu kwamba jedwali la Agosti halijui nani mkwe wa nani. Akaniambia pia, na hili limenikaa, kwamba kila ninapofumua kwa siri namnyima aliyeshona nafasi ya kujua.

Jumanne, 1 Julai

Nimefanya.

Saa mbili kasorobo nilichukua suruali iliyopinda kutoka kwa Lipuo. Nikajifunga blanketi langu vizuri, la heshima, siyo lile la kujikinga na upepo. Nikainua kitambaa chekundu mwenyewe. Mashine zikanyamaza zote. Nikaenda mpaka mashine ya kumi na moja, nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya barafu, nikamnyooshea suruali kwa mikono miwili, kama ninavyompa sahani nyumbani.

"'M'e, ukanda umepinda."

Hakuipokea. Alinitazama juu ya miwani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mkono wangu haupindishi."

Nikaiweka mezani kwake, nikainuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu." 'M'e 'Maletuka alifumua mwenyewe, akashona upya, ukanda ukatoka umenyooka sawasawa. Hakuniangalia tena.

Jumatano, 2 Julai

Nyumbani mambo yameharibika. Nilimpelekea uji wa mtama mchachu, ule anaoupenda, ukarudi haujaguswa. Ananisemesha kupitia binti yangu. "Thuso, mwambie mama yako mlango haujafungwa vizuri." Nimesimama hapo hapo! Nami najibu: "Thuso, mwambie bibi yako nimesikia." Mtoto amechoka, anasema tumlipe nauli.

Letuka, mume wangu, alipiga simu kutoka mgodini Carletonville. Habari zimeshamfika, sijui kwa miguu ya nani. "Umempigia mama yangu magoti au umemdhalilisha?" Nikamwambia vyote viwili, nikakata.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemrudishia 'M'e 'Maletuka suruali nne. 471.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemrudishia tatu. Kila nikipiga magoti ananiambia lile lile: "Mkono wangu haupindishi." Lipuo amepata ujasiri, leo ameinua kitambaa kwa ajili ya wa mifuko. Huyo wa mifuko akamwita mtoto asiye na adabu, na akarekebisha.

Alhamisi, 10 Julai

530. Tumepita pale tulipoanzia! Vitambaa kumi na moja kwa siku. Mkwe wangu bado ananisemesha kupitia Thuso.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika upesi.

Leo nimekaa wakati wa chakula na daftari hili, kurasa za mbele, nikitafuta cha kumpelekea Ntate Sekhobe. Nilikuwa nimeandika saa ya kila kitambaa kilichoinuliwa, kwa sababu ndivyo tulivyoamriwa. Nikasoma mistari ya mashine ya kumi na moja peke yake. Saa moja na dakika arobaini. Saa mbili kasorobo. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Saa tatu na robo. Nikageuza ukurasa, tena na tena. Hakuna hata mmoja baada ya saa nne. Hata mmoja! Siku kumi, mikanda thelathini na minne iliyopinda, yote kabla ya saa nne asubuhi.

Mtu mwenye mkono mbovu hashoni vibaya kwa ratiba.

Na tarehe nane, ule upepo wa joto ulipovuma, hakuna hata moja siku nzima.

Nilikimbia kwa fundi mitambo, Ntate Pholo, akiwa na ugali wake mdomoni. Akaniambia mashine ya kumi na moja ni nzima, ameikagua mara ngapi.

"Huwa unaikagua saa ngapi?"

"Saa sita, wakiwa wametoka kula."

"Kesho utaikagua saa moja asubuhi."

"Saa moja mafuta hayajayeyuka, 'M'e, hata mikono yangu..." Akaacha kutafuna.

Jumanne, 15 Julai

Saa moja, kioo cha dirisha kimeganda kwa ndani. Ntate Pholo amefungua mashine tukiwa tumemzunguka. Nyuma ya sindano kuna kigurudumu cha mpira kinachovuta ukanda. Umezeeka mpira wake, na kwenye baridi unakauka na kuwa mgumu kama jiwe, unateleza, upande mmoja wa ukanda unabaki nyuma. Jua likipanda, kiwanda kikipata joto la miili na pasi, unalainika na unavuta vizuri. Akaubinya kwa ukucha, ukucha haukuingia.

Kwa mafungu ya thelathini tusingeijua mpaka kiama. Mafungu ya asubuhi na ya mchana yalikuwa yanarundikwa pamoja, yanalala siku mbili pembeni, ndipo mkaguzi anazikuta suruali. Atajua ipi ilishonwa saa ngapi? Kwa tatu tatu, kosa linakamatwa sindano ikiwa bado ya moto.

'M'e 'Maletuka alikuwa amesimama na blanketi lake, mikono nyuma. Nikamgeukia. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, safari hii kuomba msamaha.

"Usiniinamie," akasema. Ukiacha lile la mkono wake, ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu moja kwa moja katika wiki mbili. "Miaka miwili iliyopita nilimwambia yule kiongozi wenu, mashine hii inachelewa kuamka. Akacheka, akasema uzee."

Kisha akawageukia wote, na yule mama asiyepandisha sauti akapandisha.

"Lipuo! Umenifumulia nyuma ya mgongo baridi mbili. Mbili! Ukadhani unaniheshimu. Heshima gani ya kumfanya mtu mzima mjinga? Siku ya kwanza tu ungeniletea, ningejua kuna jambo, ningeifungua hii mashine kwa meno yangu. Badala yake nimekaa hapa najiona fundi, na ninyi nyote mnajua, mnanionea haya. Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kuniletea, na nimemnunia kama mtoto."

Lipuo alilia kwa sauti. Mimi nililia bila sauti. Ntate Pholo akasema tu kwamba mpira mpya atautoa kwenye mashine ya akiba.

"Na kitu kingine," akasema 'M'e 'Maletuka akikaa kwenye kiti chake. "Hayo magoti yako, 'Mathuso, yanatupotezea muda. Nyoosha mikono miwili, inatosha."

Jioni amekunywa uji wangu, vikombe viwili.

Ijumaa, 18 Julai

Mpira mpya tangu Jumatano. Mikanda iliyopinda: hakuna. 604!

Jumanne, 22 Julai

Vitambaa ishirini na saba kwa siku moja. Laini inasimama, inaanza, inasimama. Vijana wa Laini ya Tatu wanasema sasa tumekuwa basi la mjini. Wacha waseme. Wakubwa wanaletewa kwa mikono miwili, wanapokea kwa mikono miwili, wanatafuta chanzo. Sindano butu. Uzi uliolegea. Meza ya mifuko ilikuwa chini mno kwa yule mama mrefu, imeinuliwa kwa matofali. Mambo madogo madogo ambayo miaka yote tulikuwa tunayafumua.

Jumatano, 30 Julai

Vitambaa tisa tu. 731. Vifumulio nimevikusanya kwenye kopo, vimebaki viwili kwa laini nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Theluji mpaka mjini. Wanne hawakufika, barabara ya milimani imefungwa. Nilijua leo tumeanguka. Lakini kabla sijasema neno, 'M'e 'Maletuka alisimama akasema leo ni kazi ya shamba la jirani: anayebaki nyuma asaidiwe na wa kushoto na wa kulia, na mtu asivuke mstari peke yake akajiona hodari. Tumelimiana hivyo mashamba tangu utotoni, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wakaanza kuimba, wanashona kwa wimbo, wanasogea kuziba viti vinne vilivyo wazi. 702, tukiwa thelathini. Ntate Sekhobe alikuja na kalamu kuandika jinsi tunavyopangana. Alikaa saa nzima.

Ijumaa, 15 Agosti

858! Jumatatu wanaanza kutuhesabu. Vumbi la Agosti limeingia kila mahali.

Jumatatu, 18 Agosti

861. Kasoro mbili katika mia.

Jumanne, 19 Agosti

870. Kijana wa Laini ya Tatu alijifanya anapita kutafuta mkasi. Lipuo akamwambia, "Kaa, mwanangu, ujifunze, ada tutakusamehe."

Ijumaa, 22 Agosti

Siku zote tano tumepita. Naogopa hata kufurahi.

Jumatano, 27 Agosti

Siku ya nane ya kuhesabiwa. Saa nane mchana, Lipuo akainua kitambaa. Kisa zipu: boksi jipya, meno yanaachia ukivuta kwa nguvu. Moja katika tano, labda. Wageni wa oda, wale wanunuzi wa ng'ambo, waliokuja leo kutukagua, walikuwa wamesimama pale pale, watatu, na makoti yao marefu, wanatutazama. Tulikuwa na mia sita na tisini.

Nilihisi kila jicho la laini mgongoni mwangu. Zipu ile ukiivuta polepole inafunga vizuri. Mkaguzi huvuta polepole. Tungezipitisha, tungefika, na zingekwenda kuachia kwenye kiuno cha mtu ng'ambo ya bahari, ambaye hatutamjua milele. Sitajidanganya humu: niliwaza. Niliiwaza ile hesabu kwa muda wa kupumua mara tatu.

"Simamisha," nikasema.

Dakika hamsini na tano. Tulitoa zipu zote za boksi lile, tukafungua suruali arobaini zilizokwisha kushonwa, tukasubiri boksi jingine litoke stoo. Mgeni mmoja alimnong'oneza Ntate Sekhobe jambo, naye akatikisa kichwa. Saa tisa tulipoanza tena sikuwaambia kitu. Hawakuhitaji. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo, na mikono yao, jamani, sikuwahi kuona mikono ile. Wa mifuko akimaliza anamshikia wa zipu. Wa zipu akimaliza anasogeza kiti kwa wa vishikizo. Hata wale wa kukata nyuzi walikuwa wanacheza miguu chini ya meza. Kitambaa kiliinuka mara mbili tena katika saa ile, na mara zote mbili walisimama, wakarudisha, wakaendelea. Hakuna aliyeficha.

Kengele ya kutoka ikalia. Mkaguzi akahesabu, akahesabu tena.

853.

Lipuo alipanda juu ya meza. Nikamwambia ashuke, nikapanda mimi.

Ijumaa, 29 Agosti

Kazi imekwisha, tuko uani, laini zote nane. Mipichi ya ng'ambo ya ukuta imechanua, na mimi nimesimama natazama maua kwa sababu siwezi kumtazama Ntate Sekhobe mdomoni.

Akasema Laini ya Saba: mia nane sitini na sita kwa wastani, kasoro moja na nusu katika mia. Ya kwanza kiwandani. Akasema wageni wamerudi kwao, wameacha karatasi mbili: ya kwanza inaeleza boksi la zipu mbovu lilikamatwa na nani, na ya pili ni oda ya mwaka mzima, kwa sharti kwamba laini zote zishone kama sisi. Hakuna laini itakayofungwa.

Hakuna.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Najua wale vijana wa Laini ya Tatu walikuja wakavua kofia, na 'M'e 'Maletuka akawauliza ng'ombe yuko wapi. Kisha akanijia mbele ya kiwanda kizima, akavua blanketi lake mwenyewe, akanivika juu ya langu, akalifunga kwa pini kifuani. "Huyu," akawaambia, "ni mtoto wangu." Hakusema mkwe.

Jumatatu, 1 Septemba

Baridi imepungua. Saa moja kamili nimesimama kichwani mwa laini na orodha, nikaita majina, moja moja, kwa sauti. Wa mifuko yupo. Wa zipu yupo. Lipuo yupo, anaongea tayari. Nilipofika kumi na moja nikasita, kwa mazoea ya kutompandishia mkwe sauti.

"Niite!" akasema. "Unaogopa nini?"

"'M'e 'Maletuka!"

"Nipo! Na ukichelewesha laini nakuinulia kitambaa."

Nikaendelea mpaka mwisho wa karatasi. Thelathini na wanne, wote wamefika. Nikawasha umeme wa mashine, tukaanza kazi.